Wawili Tu

Alawiya alimziba mdomo mwanawe mchanga kwa kiganja, akampakatisha mama mkwe wake, Bi Hafswa, nyuma ya makanda ya tende.

"Akilia mpe titi, hata kama ni kavu," alinong'ona. "Na nyie wengine, atakayekohoa leo atanitambua."

Watoto wakajibana gizani. Dadake, Shariffa, naye alikuwa humo ghalani na wanawe, magoti yamefika kidevuni. Tangu alfajiri habari ilikuwa imepita dirisha hadi dirisha: mzungu wa ramani ameingia mtaani, na safari hii hapimi kuta kwa mnyororo wake. Anahesabu watu.

Watu, jamani! Nani asiyejua kwamba mtoto hahesabiwi? Ukiulizwa unao wangapi, husema Mungu kanijaalia, basi, ukanyamaza. Mwaka uliopita mgeni mmoja harusini, pengine bila nia mbaya, aliwanyooshea kidole wana wa Alawiya mmoja mmoja, akiwahesabu huku akicheka. Mwezi haukwisha, Amin, kifungua mimba wake, akashikwa na homa. Walimzika siku ya Ijumaa. Tangu hapo Alawiya aliogopa kidole cha mtu kuliko kisu.

Hodi ikabishwa.

Akajifunika shela mpaka puani, akaufungua mlango kiasi cha uso kupita. Nje alisimama Joab, mkalimani, kijana wa misheni ya Kisauni, penseli sikioni. Nyuma yake mzungu alijipepea kwa kofia, ramani kaikunja kwapani.

"Sabalkheri, bibi."

"Alkheri."

"Serikali yataka kujua watu wanaolala kila nyumba. Humu mko wangapi?"

"Wa nini hao watu?"

"Sababu siruhusiwi kuitaja. Bwana amekataza."

Unaona? Jambo la heri halifichwi. Alawiya akaushika mlango kwa mikono miwili.

"Mimi na mume wangu, naye yuko kazini forodhani. Wawili tu."

Joab hakuandika. Macho yake yalikuwa ukumbini, ambako mitalawanda ilikuwa imetapakaa sakafuni, mikubwa kwa midogo.

"Na viatu hivi?"

"Vya kuuza."

Ulimi hauna mfupa, ukitaka kusema husema.

"Fikiri vizuri, bibi. Hakuna mtoto? Hakuna mzee? Hata mgeni wa kulala nitamwandika."

Loo! Mtu huyu ana nini? Mbona amng'ang'anie hivyo, na mtaa mzima una nyumba? Joab akageuka kumtazama mzungu, ambaye alikielewa Kiswahili kuliko alivyojifanya, kisha akausogelea mlango na kushusha sauti.

"Nakusihi, nipe hesabu kamili. Mimi si adui yako."

Adui gani aliyewahi kubisha hodi akasema yeye ni adui? Hapo hapo, kutoka ghalani, kikatoka kikohozi kidogo, kikavu. Alawiya naye akakohoa. Akakohoa kwa nguvu mpaka machozi yakamtoka, na moyoni akisoma kila aya aliyoijua. Kusema uongo ni dhambi, ndiyo, lakini heri nusu shari kuliko shari kamili, na shari kamili alikwisha kuizika.

"Wallahi, ni wawili!"

Joab akaitoa penseli sikioni. Akaandika, akaondoka ameinamisha kichwa.

Ng'ambo ya kichochoro, Kanji muuza nguo aliwakaribisha kwa chai. Alimtaja mkewe, wanawe, wakwe zake, mpishi, na hata mpwa aliyekuwa bado melini kutoka Bombei. Aliyemsahau ni kasuku wake tu.

"Maskini watoto wa Kanji," Alawiya alisema nyuma ya dirisha, na aliwahurumia kweli. "Baba yao kawauza wote."

Siku zilizofuata alikuwa akiamka na kuwagusa wanawe vipaji vya nyuso, mmoja baada ya mwingine, roho mkononi. Hakuna aliyepata homa. Wa Kanji nao walicheza kichochoroni na afya zao, lakini Alawiya alijiambia kwamba husuda haina haraka. Mwezi ulipokwisha ndipo alipolala usingizi wa kushiba.

Asubuhi moja akasikia nyundo. Akatoka mbio. Vibarua walikuwa wakipigilia kigingi chekundu mbele ya baraza lake, na Joab amesimama kando, akiitazama ardhi.

"Ni barabara mpya ya kwenda forodhani, bibi," alisema. "Nyumba yenu itavunjwa baada ya Idi. Amri imeshatiwa muhuri, na mzungu wa ramani ameshapanda gari moshi."

Alawiya alipiga ukelele. Waliomo ndani wakadhani ni moto, wakatoka mbio: Bi Hafswa na mtoto mchanga mkononi, Shariffa akiburura wanawe, watoto pacha wa Alawiya, wakubwa zao, na wengine nyuma yao, mpaka kichochoro kikajaa na vibarua wakaacha kugonga. Joab aliwatazama wanavyotoka.

"Kwa nini nyumba yangu?" Alawiya alilia. "Kwa nini isiwe ya Kanji?"

"Ilikuwa ivunjwe moja kati ya hizo mbili, bibi," Joab akasema. "Bwana akachagua yenye watu wachache."