Mtu Aliyekaliwa na Nguo

Lutfi alijibanza nyuma ya makoti yaliyoning'inia, akayatazama mabega ya yule mtu. Mshono ulikuwa umetua pale pale mfupa unapoishia. Shati la kitani, rangi ya mchanga, na mgongoni hakuna kitambaa kilichobaki cha kupepea.

Ilikuwa Jumanne ya tatu anamfuata katika soko la mitumba la Bulaq. Jumanne ya kwanza yule mtu alivaa sweta la kijivu. Ya pili, suruali ya kadeti na fulana ya kola. Zote zilimkaa kama zimekatwa juu ya mwili wake, naye alikuwa mwembamba kama Lutfi, mrefu kama Lutfi, mwenye mvi kama Lutfi.

Lutfi mwenyewe alikuwa hajapata hata nguo moja.

"Haji, mwili wako wa kijana, uso wako wa baba mkwe," muuza suruali mmoja alimwambia asubuhi hiyo. "Sasa nikuvishe nini? Hizi za wenye matumbo zitakuvuka. Hizi za kubana zimechanwa magoti. Nenda kale maharage mwezi mzima, halafu urudi."

Watu walicheka. Lutfi hakucheka. Mwaka jana walikuja watu kumposa binti yake, Inas. Mama wa kijana alimwona Lutfi anavyoelea ndani ya shati lake, akaenda jikoni kuuliza kwa sauti ya chini: "Baba yenu anaumwa nini? Ni ugonjwa wa ukoo?" Hawakurudi tena. Sasa walikuwa wanakuja wengine, Alhamisi, kusoma Fatiha ya uchumba. Na walishasema: hatutaki mambo ya suti, tunakuja kama watu wa nyumbani.

"Baba," Inas alimwambia, "safari hii usionekane mgonjwa. Nakuomba."

Kumuuliza yule mtu anakonunua nguo lingekuwa jambo la dakika moja. Lakini kila alipopita, wauzaji walikatisha kelele zao. Mmoja alimvuta mwanawe karibu. Hakuna aliyempa mkono. Zaghlul, muuza chai wa pale kona, alimwekea glasi yake peke yake, mbali na zile nyingine.

"Yule nani?" Lutfi akamuuliza.

Zaghlul aliendelea kufuta sinia. "Mwache apite zake, ustadhi."

"Nina swali dogo tu."

"Watu wanamwomba Mungu yule asije akawagongea mlango, wewe unamfuata sokoni? Umelogwa?"

"Kwani anafanya kazi gani?"

"Kunywa chai yako. Mimi bado sijala, simtaji."

Lutfi alikuwa ameishi Kairo miaka hamsini na miwili, hakuhitaji kuambiwa zaidi. Mtu nadhifu, hana duka, hana ofisi inayojulikana, na soko zima linanyamaza akitokea. Binamu yake aliwahi kugongewa mlango na mtu wa namna hiyo, wa usalama, akachukuliwa. Ni mwaka wa tisa sasa na hakuna ajuaye alipo.

Lakini Alhamisi ilikuwa keshokutwa. Akatoka nyuma ya makoti.

Alimfuata mpaka kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya vyuma chakavu. Hapo yule mtu akasimama bila kugeuka.

"Jumanne tatu," akasema. "Nilidhani utachoka."

Yule mtu akageuka taratibu. Kucha zake zilikatwa mpaka kwenye nyama, na mikono yake ilikuwa imepauka kama mikono iliyooshwa mno.

"Samahani, mkubwa. Sina nia mbaya. Nilitaka tu... hilo shati. Unanunua wapi?"

"Sinunui. Napata kazini."

"Kazini?"

"Nikishaachiwa mtu, kwanza namvua nguo. Wa mwili wetu huu si wengi, lakini hupatikana."

Lutfi alirudi nyuma hatua moja, akagusa ukuta. "Na... wenyewe hawalalamiki?"

"Mikononi mwangu hajawahi kulalamika mtu." Alisema bila kujisifu, kama anayetaja saa za kufungua duka.

Lutfi aliviona vyumba visivyo na madirisha. Alimwona binamu yake. Angeomba radhi akaondoka, na miguu ilikuwa tayari. Lakini alimwona pia Inas amesimama mlangoni na sinia la sharubati, na wageni wanamtazama baba yake. Akajikuta anasema yote kwa pumzi moja: uchumba, Alhamisi, yule mama jikoni, ugonjwa wa ukoo.

Yule mtu alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaweka mfuko wake chini, akaanza kufungua vifungo.

"Vaa."

"Hapa hapa?"

"Vaa, nikuone."

Lutfi akavua lake, akavaa la kitani. Lilikuwa bado na joto la mwili wa yule mtu. Lilimshika mabegani, likamteremka ubavuni bila kubana, likaishia pale linapotakiwa kuishia. Akajitazama katika kioo cha gari bovu lililoegeshwa pale. Hakuonekana mgonjwa hata kidogo. Machozi yalimlenga.

"Nikupe nini, mkubwa?"

"Hunipi kitu. Nakuazima tu."

Akamsogelea, akamfunga kifungo cha juu, akailaza kola yake kwa vidole vya baridi.

"Ila waambie nyumbani kwako, siku yako ikifika, wasimwite mwosha maiti mwingine. Shati hili nalipenda."