Neno kwa Neno

Siku hizi mgonjwa hajielezi kwa daktari. Anaelezewa na mtu anayeishi naye, sauti inarekodiwa, kisha mnukuzi anaichapa neno kwa neno, na daktari anatibu kilichoandikwa.

Miaka miwili nilihangaika kutafuta mafunzo ya unukuzi huo. Mwezi uliopita hospitali ikanipigia yenyewe: mafunzo siku tisa, bure, kazi nafanyia nyumbani. Hakuna aliyeniuliza cheti. Nilimwambia mume wangu, Kibwana, kwamba vya bwerere namna hii vinanitia shaka.

"Mama Lulu, wewe kila kitu unashuku," alinijibu.

Mwalimu alinisisitizia jambo moja: usiruke neno, hata likikuchoma.

Leo nimevaa hedifoni na kufungua faili langu la kwanza. Majina hufutwa kabla faili halijagawiwa, kwa hiyo aliyenitumia hakujua ni la nani. Mimi sauti ile nimelala nayo miaka kumi na mmoja.

"Mke wangu hali chakula mpaka mimi nionje kwanza. Anafunga mlango, anarudi kuufunga tena. Mkimwita hospitali hatakuja."

Nilichapa.

"Kazi ya unukuzi niliyomwombea kwenu mmeshampa," sauti iliendelea. "Itamtuliza nyumbani mpaka siku mtakapokuja kumchukua."

Nikachapa na hilo pia.

Kibwana aliingia, akaniwekea kikombe cha chai mezani. Nilivua hedifoni, nikakisogeza upande wake.

"Onja kwanza," nilimwambia.

Hakuonja. Alikuwa anatazama getini.