Pua ya Profesa

Barafu ndani ya sanduku ilikuwa imeanza kuyeyuka, na Profesa Pua bado alikuwa anaongea.

"Tumekaa hapa tangu jana tukiambiwa vijidudu vinaweza kufundishwa kutengeneza kila kitu," alisema, akiwageukia watafiti wa kanda nzima waliojaa ukumbini. "Dawa, sawa. Rangi za nguo, sawa. Lakini maziwa? Mimi niliyaonja hayo ya mwaka jana. Yananuka hamira. Mtu atadhani umemkorogea unga wa mkate uliochacha."

Ukumbi ukacheka. Mtafiti mwenye maziwa hayo hakucheka. Alisimama jukwaani, kipaza sauti kidogo kimebanwa kwenye ukosi wa gauni lake, mkono mmoja juu ya sanduku.

Kibaya ni kwamba mzee alikuwa anasema kweli. Kwa miaka mingi yeye na wenzake walikuwa wakiipa hamira maelekezo mapya ndani ya chembe zake, mpaka ikaacha kazi yake ya kuumua mkate ikaanza kutoa maziwa, bila ng'ombe, ndani ya tangi. Rangi waliipata. Uzito waliupata. Harufu ndiyo iliyowatoa jasho. Wiki iliyopita walichuja upya kwa mara ya mwisho, na hata hapo, ukisogeza pua karibu, hamira ilikuwemo, imejibanza kama mtoto aliyevunja kikombe.

Jopo la kutoa vibali lingeamua leo hii hii. Likikubali, tangi linakwenda kwenye majaribio makubwa. Likikataa, tangi linazimwa, na maabara inafungwa. Hapakuwa na njia ya tatu.

"Tusibishane kwa maneno," alisema mwenyekiti wa jopo, mama mtaratibu asiyependa kupoteza muda. "Kibali cha kuonja kipo. Profesa apewe glasi tatu: mbili za ng'ombe, moja ya tangi. Afungwe macho. Akiitambua ya tangi, tumemaliza."

Wenzake hawakumbandika mzee jina la Pua bure. Alikulia zizini, na walisema akinusa maziwa tu atakuambia kama ng'ombe alilala njaa.

Mtafiti alifungua sanduku. Asubuhi ilikuwa ya vurugu tupu. Mtoto aliamka na kilio, gauni lilitaka pasi, na mama yake, ambaye alikuja naye hotelini ili amlelee mtoto, alimsukuma bafuni. "Nenda kaoge, sanduku nitafunga mimi. Si ile chupa ya kifuniko cha buluu kwenye friji?"

"Hiyo hiyo, mama."

Chupa hizo za maabara mama yake alikuwa hazipendi. Nyumbani kwa binti yake chumvi ilikaa humo, sukari humo, mafuta ya kupikia humo, na kila akija kutembea alimuuliza kama alisomea sayansi au alisomea vifuniko.

Sasa chupa ilikuwa mkononi, ya baridi. Juu ya maziwa palikuwa na utando mwembamba wa malai. Mtafiti alikunja uso. Mafuta ya tangi hayakuwahi kupanda juu namna hiyo. Labda ni mtikisiko wa gari, akajiambia, akaitikisa na kumimina. Kunusa mbele ya watu hakuthubutu.

Karani wa jopo alizipanga glasi mezani. Profesa, kitambaa machoni, akanywa ya kwanza na kuguna.

"Ng'ombe."

Ya pili aliivuta puani kwanza, taratibu, kisha akarudia. Kifua cha mtafiti kilikuwa kimejaa na kinauma, maana hakuwa amemshika mwanawe tangu asubuhi, ingawa kwa bibi yake mtoto hakosi cha kunywa. Alikaza vidole, akingoja lile neno hamira.

Profesa akanywa. Akanywa tena.

"Haya ni mepesi, yana utamu fulani," alisema. "Lakini ni maziwa haswa. Yametoka kwenye mwili wenye afya, unaolishwa vizuri. Kama haya ni ya tangi, nikatwe hii pua."

Ya tatu aliionja harakaharaka, akaisukuma pembeni. "Ya tangi ni hii."

Wakamfungua kitambaa. Karani alikohoa kidogo, akainua glasi ya pili. "Ya tangi ni hii hapa, Profesa."

Makofi yalipasua ukumbi. Mzee alisimama akiitazama glasi, kisha akaicheka nafsi yake, na kwa hilo mtafiti alimpenda ghafla.

"Nimeshindwa," alisema. "Hebu niongezee, binti yangu."

Mwenyekiti aliuliza nani anakubali, na jopo zima likanyoosha mikono. Mtafiti alilia mbele ya watu wote na hakuona haya. Miaka yote ile ya kuchuja na kurudia haikupotea.

Alikuwa bado anajifuta machozi pale mlango wa pembeni ulipofunguka. Mama yake aliingia, mtoto akipiga mayowe begani, akapanda jukwaani moja kwa moja bila kumwangalia mtu. Mkononi alishika chupa ya kifuniko cha buluu. Profesa Pua alimpisha kwa heshima, huku glasi ya nyongeza iko mdomoni. Bibi alijitahidi kunong'ona, ila alinong'onea kwenye ukosi wenye kipaza sauti, na ukumbi mzima ukasikia.

"Mwanangu, hebu mnyonyeshe mwenyewe. Haya uliyomkamulia alfajiri yananuka hamira, kayatema yote."