Simu ya Maneno Mawili

Tangu itoke sheria kwamba kila simu ipangwe kwa mtindo wa sentensi za Kiingereza, mtenda kwanza na tendo lifuate, mashine ya simu ilipepeta maneno mengine yote kama makapi kabla hayajamfikia msikilizaji. Bi Mwanahawa alishazoea salamu zake kumezwa. Lakini asubuhi hiyo mumewe alikuwa amelazwa chumbani, amefunikwa shuka jeupe, na ilimbidi ampigie mwanawe Shekue, aliyekuwa akiishi peke yake ng'ambo.

Habari ya msiba haitupwi tu. Alimsalimu, akamuuliza habari za kazi, akamuuliza kama ameshakula, akamwomba akae kitako. Kisha, taratibu: "Baba yako alizidiwa jana. Tumehangaika naye mpaka alfajiri. Sasa jikaze, mwanangu. Mungu kampenda zaidi."

Kioo cha simu kikaonyesha kilichomfikia Shekue, maneno mawili tu: "Baba amekufa."

"Mwanaharamu wee!" aliifokea mashine, kanga ikimdondoka begani. "Mimi nimesema hivyo? Miaka arobaini na mume wangu, halafu unambwagia mwanangu kifo kama gunia la mkaa!"

Akabandika simu sikioni apate kumsikia mwanawe. Kimya.

"Shekue! Shekue, mwanangu!"

Ikaja sauti nyororo ya mashine: "Mpokeaji yuko hewani. Anatoa sauti isiyo na mtenda wala tendo. Haitatumwa."