Chupa Mbili za Mzee Shemdoe

Mzee Shemdoe hakuwa na meno ya mbele, hakuwa na cheti zaidi ya kile cha shule ya jioni, wala hakuwa na ndugu serikalini wa kumwombea. Alichokuwa nacho ni mkewe, Nakunda, na Nakunda alikuwa akikohoa tangu Jumatatu.

Kwa miaka thelathini Shemdoe alipima mafuta ya kompresa kiwandani. Mashine yaweza kunguruma vizuri, lakini mafuta yakionyesha chembe za chuma, huzimwa kabla haijaharibika. Sasa sheria iliwapima wazee vivyo hivyo: damu kidogo kila mwezi, na aliyekutwa na dalili za ugonjwa alichukuliwa siku hiyo hiyo, wala hakurudi.

Kwa hiyo alijaza chupa zote mbili, yake na ya mkewe, damu yake mwenyewe, akazifunga. Zikishafungwa, ni maabara tu inayoweza kuzifungua.

"Mbona hujaniita kuchomwa kidole?" Nakunda aliuliza.

"Nimekuwekea yangu. Ni safi, mke wangu. Si ulisoma majibu ya mwezi uliopita?"

Nakunda aliketi polepole. "Baba Elisante, kikohozi hiki ni vumbi la unga tu. Mwezi uliopita mikono yako ilikuwa ikitetemeka, nikaogopa. Chupa zote mbili niliweka damu yangu."

Shemdoe aliitazama mikono yake. Ilikuwa bado ikitetemeka.

Nje, tarishi alipiga honi. Bahasha ya chupa isiyofika maabara siku yake, damu yote huhesabiwa chafu, ya mume na ya mke.

"Mzee, unanichelewesha bwana!"

Shemdoe akalamba gundi, akaibana bahasha kwa viganja vyote viwili, akaipitisha dirishani.