Matanga ya Nguchiro

Nguchiro mwenye huruma alifuga vijidudu mtungini ili wamtengenezee plastiki inayooza udongoni. Kila asubuhi aliwapa molasi na maharage. Wakashiba, wakazaana, wakacheza ngoma, lakini plastiki hawakutoa hata chembe.

Siku moja akaenda harusini mbali. Aliwaachia molasi tele, maharage akayasahau kabisa. Aliporudi, kila kijidudu alikuwa na kitambi kilichojaa plastiki.

"Jamani, mmepatwa na nini?" akauliza.

"Shikamoo, mzee," wakajibu kwa aibu. "Maharage yalipokatika tulidhani umefariki. Tukaacha kuzaana, tukaanza kuigeuza molasi kuwa plastiki tumboni, akiba yetu ya matanga."

Tangu hapo Nguchiro hufa kila mwezi, na mkewe hukaa kando ya mtungi akiomboleza, mdomo umejaa maharage.