Mapigo ya Fundi

"Mia na nane," muuguzi alisema, akaandika kwenye fomu, akauma kalamu.

Fundi cherehani alimeza mate. Robo saa iliyopita mapigo yake yalikuwa tisini na sita. Daktari alishawaambia asubuhi: mtu ambaye mapigo ya moyo wake yatafika mia na ishirini atachomolewa sindano, atashukuriwa, atarudi kwake, na asionekane tena hapo mpaka utafiti uishe. Kutobolewa mkono mara kumi kwa siku fundi alikuwa tayari kuvumilia. Kurudi kwake hakuwa tayari, kwa sababu huko nyumbani hakukuwa na muuguzi yule.

Dawa yenyewe ilikuwa ya kuzuia chembe za damu zisishikane na kuganda ndani ya mishipa. Ili waone inavyofanya kazi, walitafuta watu wenye afya njema, wakawalaza kwa hiari yao, wakawaingizia dawa tone kwa tone na kuwapima kila robo saa. Kifuani walibandikwa nyaya za mashine ya moyo, iliyokuwa ikichora karatasi chumba cha pili ili isomwe jioni. Juu ya hapo muuguzi alihesabu kwa mkono, maana daktari hakuiamini mashine peke yake, wala binadamu peke yake.

Dawa hiyo, alionya daktari, inaweza kuwasha uso, kuumiza taya na kuupeleka moyo mbio. Fundi aliposikia hivyo alifurahi kimoyomoyo. Mtu wa miaka arobaini na tisa, aliyefiwa na mke miaka sita iliyopita, alikuwa amepata pa kusingizia. Siku hii ya tatu angemwambia muuguzi lililo moyoni. Akikunja uso, angesema ni dawa iliyozungumza.

Bintiye alimkuta mbele ya kioo alfajiri. "Baba, umejipaka mafuta mpaka ndani ya masikio. Unakwenda kutolewa damu au kuposa?"

"Kutolewa damu," alijibu, akatoka haraka.

Sasa moyo wenyewe ndio unamchongea.

Kwenye kitanda cha jirani alilala dereva wa lori, mtu wa maneno mengi, aliyekuwa na karibu kila dalili iliyotajwa na nyingine mbili za kujitungia. "Mimi taya, fundi wangu. Kama nimetafuna kokoto. Wewe je?"

"Moyo."

"Unausikia?"

"Siusikii. Lakini namba si hizo hapo?"

"Basi wewe umepata dawa kali. Mimi sabini na nne tu. Tena mimi ananibonyeza kwa vidole viwili kama anachagua parachichi sokoni, huyo, kaenda zake. Kwako anakaa kama mgeni aliyekosa nauli ya kurudi."

Ni kweli muuguzi alikaa kila alipokuja. Alivuta stuli, akakizungushia kiganja chake chote kifundo cha mkono wa fundi, gumba likatulia juu ya mshipa, naye akainamia saa iliyoning'inia kwenye sare yake. Hivi ndivyo anavyoshikwa mtu aliyezidiwa, fundi aliwaza, akasikia huruma kwa nafsi yake.

Aliamua kuutuliza moyo kwa nguvu. Akafumba macho, akashona. Alianza na pindo la suruali, mguu wa kwanza na wa pili, akatia zipu, akafika kwenye kola, kazi isiyotaka pumzi kubwa. Aliendelea kushona mpaka kope zikawa nzito.

"Fundi, unajisikia vibaya?" muuguzi aliuliza, amerudi kupima, safari hii akiwa karibu zaidi.

"Dada, nikiwa hapa sijawahi kujisikia vibaya."

Ilimponyoka tu. Dereva akakohoa bila kuwa na kikohozi.

"Mia na kumi na tisa," muuguzi alisema, na sauti ilikuwa imemkauka.

Limebaki pigo moja! Fundi aliinua kichwa kwenye mto. "Dada, rudia, nakuomba. Huenda umezidisha."

"Unataka sana kubaki?"

"Sana."

"Kwa ajili ya utafiti?"

Hapo fundi aliona kwamba akinyamaza leo, atanyamaza mpaka kaburini. "Utafiti hata jina lake silijui," alisema. "Nataka kubaki kwa ajili yako." Akasubiri akunjiwe uso, na neno la kuilaumu dawa likiwa tayari kwenye ncha ya ulimi.

Muuguzi hakukunja uso. Alirudia kuhesabu bila kumwachia mkono, midomo ikitembea haraka kama ya mtu anayekimbizana na kitu. "Mia na thelathini na mbili," alinong'ona, machozi yakimlengalenga. Lakini kazi ni kazi. Kwa mkono mwingine alibonyeza kengele.

La kuvunda halina ubani. Fundi alianza kutafuta viatu kwa ncha za miguu.

"Pole, ndugu yangu," dereva alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Moyo wako mwenyewe, kukuuza hivyo!"

Daktari aliingia mbio akiburura karatasi ndefu ya mashine. Aliisoma kutoka juu mpaka chini, kisha kutoka chini mpaka juu. "Mia na thelathini na mbili ya nani? Huyu hajavuka sabini mchana kutwa. Hapa katikati nusura asinzie!"

Akamtazama fundi, akamtazama muuguzi, kisha akautazama ule mkono ambao bado ulikuwa haujaachiwa.

"Dada," alisema taratibu, "si wewe unayewafundisha wanafunzi wangu kila mwaka wasipime kwa kidole gumba, kwa kuwa gumba lina mshipa wake? Hayo mapigo ni yako."